Ukumbi ulijaa, fedha zilikwenda wapi? Kisa cha majumba ya sinema ya Uingereza, 1939–1945

Mwaka 1939 majumba ya sinema ya Uingereza yalikata tikiti zipatazo milioni 990. Mwaka 1945 yalikata milioni 1,585. Katikati ya miaka hiyo kuna miji iliyoteketea, taa za barabarani zilizozimwa, wanaume waliochukuliwa jeshini, na majumba ya sinema yapatayo 160 yaliyobomolewa na mabomu. Ongezeko la asilimia 60 katika mazingira ya namna hiyo ni jambo ambalo mfanyabiashara angelitamani hata wakati wa amani.

Hata hivyo, vita vilipokwisha, wengi wa wenye majumba hawakuwa na ukwasi wa kulingana na foleni zao. Walikuwa na viti vilivyochanika, projekta zilizochoka na mapaa yanayovuja. Kisa hiki husimuliwa zaidi kama habari ya ushupavu wa watu: mabomu yanaanguka na watazamaji hawanyanyuki kwenye viti. Habari hiyo ni ya kweli na sina nia ya kuipunguza. Ila nyuma yake kuna daftari la hesabu, na mali bila daftari huisha bila habari. Nataka tulifungue daftari hilo, kwa sababu linajibu swali linalomkabili yeyote anayeendesha biashara ya kukusanya watu wakati wa hatari: ukumbi ukijaa, nani hasa anavuna?

Biashara iliyoingia vitani na madeni

Miaka ya 1930 ilikuwa ya ujenzi wa pupa. Kufikia 1939 nchi ilikuwa na majumba yapatayo 4,800. Kampuni tatu kubwa ndizo zilizotamba: ABC, Gaumont-British na Odeon. Odeon, ya Oscar Deutsch kutoka Birmingham, ilijenga au kujitwalia zaidi ya majumba 200 ndani ya muda usiofika miaka kumi. Fedha za ujenzi huo zilikopwa. Pembeni ya vigogo hao walikuwepo wafanyabiashara wengi wenye jumba moja au mawili, mara nyingi mali ya familia, wanaofahamiana na wateja wao kwa sura.

Wakubwa kwa wadogo, hesabu yao ilikuwa ya aina moja. Ukumbi wa viti 1,500 unawashwa taa zilezile, unapashwa joto lilelile na unalipa mishahara ileile, waingie watu 200 au waingie wote. Rehani, pango na kodi za manispaa hazingoji. Filamu nayo imeshakodiwa kwa mkataba uliosainiwa miezi kadhaa kabla. Karibu gharama zote hazibadiliki, na bidhaa yenyewe haiwekwi ghalani: kiti kilichokaa kitupu Jumatatu usiku hakiuzwi tena Jumanne. Biashara ya namna hii huweza kustahimili bei ndogo, tena kwa muda mrefu. Isichostahimili ni kufungwa milango.

Na milango ndiyo iliyofungwa kwanza.

Amri ya Septemba 3

Jumapili, Septemba 3, 1939, saa tano na robo asubuhi, Waziri Mkuu Neville Chamberlain alitangaza redioni kwamba nchi iko vitani na Ujerumani. Mara baada ya hotuba yake yakafuata maagizo ya Serikali, na mojawapo lilikuwa kufungwa kwa sinema zote, kumbi za maigizo na sehemu nyingine za burudani za ndani. Siku hiyohiyo Bunge lilipitisha sheria ya kuwaandikisha jeshini wanaume wa miaka 18 hadi 41. Kwa mwenye jumba la sinema, mapigo mawili ya siku moja: hana wateja, na karibuni hatakuwa na wafanyakazi.

Sababu ya amri ilieleweka. Wapangaji wa Serikali walikuwa wameishi miaka kadhaa na hofu ya mashambulizi ya anga yatakayoua maelfu katika siku za mwanzo. Bomu moja likiangukia ukumbi wenye watu elfu moja, gizani, na milango minne tu ya kutokea, matokeo yake hayahitaji kuelezwa.

Tatizo ni kwamba amri ilipima hatari moja na kuziacha nyingine. Watu waliamriwa kuzima taa tangu Septemba 1. Televisheni ya BBC, iliyokuwa na watazamaji wachache tu, ilikatwa matangazo siku hiyohiyo. Watoto na akina mama wapatao milioni moja na nusu walikuwa wamehamishwa mijini na kupelekwa mashambani, wakawa wamekaa kwenye nyumba za watu wasiowajua. Jioni zilikuwa ndefu, nyeusi na hazina pa kwenda. George Bernard Shaw aliliandikia gazeti la The Times mnamo Septemba 5 akiishambulia amri hiyo kwa maneno makali, akidai kwamba askari walio likizo na watu waliozuiliwa gizani wanahitaji burudani kuliko wakati mwingine wowote.

Chama cha wenye majumba nacho kilipeleka hoja zake. Hapa ndipo ninapouona uamuzi wa kwanza wa kibiashara ulio wa maana katika kisa hiki. Wangeweza kudai fidia. Wangeweza kulia juu ya rehani. Walichokifanya ni kuitetea huduma yao kama kitu cha vita: mahali pa habari, mahali pa kupitishia maelekezo ya Serikali, mahali pa kutuliza mioyo. Hoja hiyo ilishika. Ndani ya wiki moja hivi majumba ya maeneo yaliyodhaniwa kuwa salama yalianza kufunguliwa, na kabla mwezi haujafika mbali mengi yalikuwa yakionyesha. Katikati ya London ndiko kulikosubiri zaidi na kufunguliwa kwa saa fupi. Tangu hapo hadi mwisho wa vita Serikali haikutoa tena amri ya kuzifunga sinema nchi nzima.

Hoja iliyowafungulia milango ilikuwa pia na bei. Ukishamwambia mwenye mamlaka kwamba jumba lako ni chombo cha taifa, huwezi kushangaa kesho yake akianza kulitumia kama chake.

Usiku wa king'ora

Kwa miezi kadhaa mabomu hayakuja. Yalipokuja, kuanzia Septemba 7, 1940, London ilipigwa usiku 57 mfululizo, na mashambulizi makubwa hayakutulia hadi Mei 1941. Mwenye jumba alipaswa sasa kujibu swali la kila siku: king'ora kikilia katikati ya filamu, tufanye nini?

Utaratibu uliozoeleka ulikuwa wa kiasi. Maandishi yalitokea kwenye skrini, au meneja alipanda jukwaani: tahadhari imetolewa, anayetaka kuondoka aondoke taratibu, onyesho litaendelea. Hatari ikipita, tangazo lingine. Wengi walibaki. Kuna nyakati ambapo onyesho lilikwisha na nje hakujatulia, watu wakakaa humohumo, mpiga kinanda akaendelea na nyimbo, filamu ikarudiwa, hadi alfajiri.

Hebu tutazame utaratibu huo kutoka chumba cha projekta, maana huko ndiko ulikokuwa mgumu kuliko kokote. Filamu za wakati ule zilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachoshika moto upesi na kisichozimika kirahisi. Gurudumu moja kubwa lenye utepe wa filamu wa futi 2,000 huisha kwa dakika 20 na ushei, kwa hiyo kila chumba kilikuwa na projekta mbili. Moja ikielekea mwisho, nyingine inawashwa, na mwendeshaji anasubiri alama kwenye kona ya picha ili ahamishe mwanga bila mtazamaji kutambua. Mwanga wenyewe ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vinavyowaka kwa umeme, vikijila taratibu, na mtu alipaswa kuvisogeza ili vibaki katika umbali unaofaa. Mtu huyo hakuweza kushuka handakini. Akiondoka, picha inakufa. Mbele yake ana vidirisha vyenye vifuniko vya chuma vya kuangushwa moto ukitokea, ili ukumbi usalimike hata kama chumba chake kitateketea. Juu ya paa yuko mwenzake na ndoo ya mchanga na pampu ya mkono, akiangalia mabomu ya moto; kuanzia Januari 1941 ulinzi huo wa moto ukawa lazima kisheria kwa majengo ya biashara. Ninapoona takwimu za tikiti za 1941, milioni 1,309, huwafikiria watu hao wawili kwanza.

Kibiashara, utaratibu wa kuendelea na onyesho ulikuwa ndio pekee uliowezekana. Jumba linalorudisha viingilio kila king'ora kinapolia, katika mji ambako kinalia kila usiku, lingekufa kabla ya Krismasi. Lakini uamuzi huo uliacha maisha ya watu mikononi mwao wenyewe, na mara nyingine matokeo yalikuwa mabaya sana. Ijumaa, Julai 9, 1943, katika mji mdogo wa East Grinstead, onyo lilitolewa kwenye skrini ya sinema ya Whitehall. Wengi hawakuondoka, walishazoea. Ndege moja ya Kijerumani ikaangusha mabomu yake. Mjini walikufa watu 108, wengi wao wakiwa ndani ya sinema hiyo, na miongoni mwao walikuwemo watoto. Sioni namna ya kuzungumzia faida na hasara za biashara hii bila kulitaja tukio hilo. Mazoea ya kubaki kwenye viti, yaliyojaza kumbi tangu mabomu yaanze, ndiyo yaliyowaua wale.

Saa za maonyesho nazo zilibadilika. Kwenye miji iliyopigwa, biashara ilivutwa mchana: onyesho la kwanza mapema, la mwisho likamalizika kabla usiku haujakomaa. Ramani ya wateja ikageuka pia. Mitaa ya mashariki ya London iliyohamwa, na miji ya pwani ya kusini iliyoogopa uvamizi mwaka 1940, ilipoteza watazamaji. Miji iliyopokea wahamiaji, viwanda na kambi za jeshi ilifurika. Ndiyo maana napenda kutahadharisha kuhusu wastani wa taifa: ndani ya wastani uleule wa kupanda kulikuwa na mwenye jumba aliyefilisika na jirani yake wa maili 40 aliyekosa viti vya kuuza.

Kwa nini watu walikuja

Hili nitalipita haraka. Kazi zilikuwa tele, mishahara ya ziada ilikuwa mifukoni, na hakukuwa na cha kununua. Petroli iligawiwa kwa mgao tangu Septemba 1939, nguo tangu Juni 1941, peremende tangu Julai 1942. Fukwe zilikuwa na nyaya za miba. Sinema ilikuwa karibu kitu cha pekee kinachouzwa bila kuponi, ndani kuna joto, na kaa la mawe la nyumbani ni la kubana. Ukijumlisha habari za vita zilizoonyeshwa kabla ya filamu, ambazo familia zilizitazama zikitafuta sura ya mtu wao, utaona kwamba wateja hawakuhitaji kushawishiwa. Matangazo ya kila wiki yangeweza kuachwa yote na ukumbi ungejaa.

Tikiti moja, ikigawanywa

Sasa tuingie kwenye daftari. Mwaka 1939 wastani wa kiingilio ulikuwa karibu peni 10 (pauni moja ya enzi hizo ilikuwa na peni 240), na kodi ya burudani ilichukua peni moja na ushei. Kodi hiyo ilianzishwa mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kama hatua ya dharura. Haikuondoka. Vita vya Pili vilipokuja ilipandishwa mwaka 1940, ikapandishwa 1942, ikapandishwa tena 1943.

Kufikia 1945 mapato ghafi ya majumba yote yalikuwa karibu pauni milioni 114. Gawanya kwa tikiti milioni 1,585, na wastani unakuwa peni 17 hivi. Kwa mtazamaji, bei imepanda kwa asilimia 70. Lakini zaidi ya theluthi ya fedha hizo ilikwenda hazina kama kodi ya burudani. Peni 17 zikabaki 11. Kabla ya vita, baada ya kodi, zilibaki karibu 9.

Kwa hiyo sehemu inayobaki mlangoni, kwa kila tikiti, iliongezeka kama kwa robo tu katika miaka ambayo mishahara na bei za vitu vilipanda zaidi ya hapo. Na hizo peni 11 bado si za mwenye jumba. Msambazaji wa filamu huchukua asilimia yake baada ya kodi. Tuseme theluthi, ingawa kwa filamu kubwa walidai zaidi. Zinabaki peni saba na kitu za kulipia mishahara, umeme, makaa, pango, riba, bima na matengenezo. Kwa kila mteja mmoja mmoja, biashara haikuwa nzuri kuliko ya mwaka 1939. Pengine ilikuwa mbaya zaidi.

Faida, basi, ilitoka kwenye wingi. Gharama zisizobadilika zikigawanywa kwa watazamaji asilimia 60 zaidi, kinachobaki ni kikubwa, na karatasini majumba mengi yalipata faida ambayo hayajawahi kuiona. Hapo ndipo ilipowangojea kodi ya pili. Kodi ya faida ya ziada ilianza Septemba 1939 kwa asilimia 60. Kuanzia 1940 ikawa asilimia 100. Maana yake, faida yote iliyozidi kiwango kilichopimwa zaidi kwa hesabu za miaka ya kabla ya vita ilikuwa ya Serikali, senti hadi senti, pamoja na ahadi iliyotolewa mwaka 1941 kwamba sehemu moja kati ya tano ingerejeshwa baada ya vita.

Angalia jinsi kiwango hicho kilivyowagawa watu. Aliyekuwa na jumba kongwe lenye faida nono kabla ya 1939 alikuwa na kiwango kikubwa, akabaki na kitu. Aliyefungua jumba jipya mwaka 1937 au 1938 kwa mkopo, ambaye miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya kujikongoja, alikuwa na kiwango kidogo. Ukumbi wake ulijaa kwa mara ya kwanza wakati ambapo kujaa hakumletei chochote. Sheria ilikuwa na njia nyingine za kukokotoa kiwango kwa watu kama hao, lakini kwa ujumla vita viliwakuta wale waliokuwa wamesimama tayari na kuwaacha wamesimama.

Kuna jambo jingine ambalo kodi ya asilimia 100 hulifanya ndani ya kichwa cha meneja. Pauni moja utakayoitumia kwenye mishahara, mazulia au rangi haitoki mfukoni mwako tena. Ingechukuliwa hata hivyo. Akili ya kawaida ingesema: basi tengeneza jengo! Wengi wangetengeneza. Lakini ujenzi ulihitaji kibali, mbao na chuma vilikwenda vitani, mafundi walikuwa jeshini. Fedha za kukarabati zilikuwepo, ruhusa na vifaa havikuwepo, na kodi haikungoja vipatikane. Hapa ndipo mtaji wa biashara nzima ulipokuwa ukiliwa kimyakimya. Kiti kilichokaliwa na watu wengi zaidi kila wiki, kwa miaka sita, bila kushonwa upya, ni hasara ambayo haikuandikwa ipasavyo kwenye hesabu za mwaka wowote.

Watu na filamu

Wafanyakazi waliondoka kwa mafungu. Wanaume wa projekta walipoitwa jeshini, wanawake walifundishwa kazi hiyo, na waliimudu vizuri katika chumba chenye moto, mwanga mkali na mabomu juu. Desemba 1941 sheria ikawafikia wanawake wenyewe, wale wasioolewa wa miaka 20 hadi 30, wakapelekwa viwandani na katika vikosi vya wasaidizi. Waelekezaji viti wakawa mabinti wadogo na wastaafu. Meneja aliyekuwa akivaa suti rasmi jioni alijikuta akifagia.

Filamu hazikukatika, ila zilipungua. Studio za Pinewood zilichukuliwa kwa kazi za vita, nyingine zikageuzwa maghala, na filamu za kubuni za Kiingereza, zilizokuwa zaidi ya 100 mwaka 1939, zikashuka chini ya 60 kwa mwaka kuanzia 1941. Pengo lilizibwa na Hollywood na kwa kurudia filamu za zamani. Lakini Hollywood ililipwa kwa dola, na dola zilihitajika kununulia ndege na ngano. Mwishoni mwa 1939 Serikali iliafikiana na kampuni za Marekani kwamba katika mwaka wa kwanza zisitoe nje zaidi ya dola milioni 17.5, zilizobaki zikae Uingereza. Kwa mwenye jumba makubaliano hayo yalikuwa nusura. Kama Marekani wangesusa, skrini zingebaki nyeupe. Hawakususa, kwa kuwa soko la Ulaya bara lilikuwa limefungwa na Uingereza ndiyo iliyobaki kuwa mteja wao mkubwa wa nje.

Kuanzia Julai 1940 majumba yalionyesha pia, bila malipo, filamu fupi za dakika tano za Wizara ya Habari, moja kila wiki: jinsi ya kutunza chakula, jinsi ya kufunga mdomo ili siri zisimfikie adui. Dakika tano si nyingi. Ila zikizidishwa kwa kila onyesho, kila siku, katika maelfu ya majumba, ni muda mwingi uliotolewa bure na watu wanaolipwa kwa muda. Na biashara ya pembeni, ile inayomnusuru mwenye jumba dogo, ilikonda: peremende zikiwa za mgao, na aiskrimu ikipigwa marufuku kutengenezwa mwaka 1942.

Mbia asiyetajwa

Ukikusanya yote haya, picha inayotokea ni ya ubia ambao hakuna aliyeusaini. Serikali ilichagua saa za kufungua. Ilitumia skrini. Ilichukua zaidi ya theluthi ya kila kiingilio kabla ya yeyote, kisha ikachukua karibu nyongeza yote ya faida.

Haki inanitaka niseme upande wa pili, ambao walalamikaji wa enzi hizo na wa baadaye huusahau. Kampuni za bima hazikukubali kubeba hatari ya mabomu kwenye majengo. Hakuna hesabu ya bima inayoweza kustahimili mji mzima kuungua usiku mmoja. Serikali iliibeba. Fidia ya majeraha ya vita ilihamishiwa kwake kwa sheria ya dharura ya 1939. Sheria ya Uharibifu wa Vita ya 1941 ikaweka mfuko wa kuchangiwa na wenye majengo wote, na aliyebomolewa akapata haki ya kulipwa. Bila ngao hizo mbili, hakuna mkopeshaji mwenye akili timamu ambaye angeruhusu mali aliyoiwekea rehani iendelee kujazwa watu kila usiku. Serikali ilichukua kilele cha faida na ikachukua pia shimo la hasara. Mwenye jumba aliachiwa katikati: uendeshaji wa kila siku na uchakavu.

Kwa muda wa vita, naona ulikuwa mgawanyo wa haki. Watu waliokuwa wakifa baharini wakileta ngano hawakulipwa kwa wingi wa tikiti, na hakukuwa na sababu mwenye sinema atajirike kwa kuwa majirani zake wamekosa pa kwenda. Kasoro yake ni moja, na ni kubwa: uchakavu haukuwekewa mfuko. Jengo lililobomolewa na bomu lilikuwa na fungu lake. Jengo lililochakazwa na watazamaji wa vita halikuwa nalo.

Walionufaika kweli walikuwa wenye fedha za kusubiri. Thamani ya majumba ilikuwa ya mashaka mwaka 1940 na 1941, kwani nani anunue ukumbi ulio chini ya ndege za adui? J. Arthur Rank, mtoto wa ukoo wa wasaga unga, alinunua. Mwaka 1941 alishika Gaumont-British. Oscar Deutsch alipofariki Desemba mwaka huohuo, Odeon nayo ikaangukia mikononi mwa Rank. Akawa na majumba zaidi ya 600. ABC ilikuwa na zaidi ya 400. Mwenye jumba moja alipotaka filamu nzuri ya wiki, alizikuta zimeshachukuliwa na hao wawili. Hali ilifika mahali Serikali ikazibana kampuni hizo zisiongeze majumba bila idhini, na ripoti ya mwaka 1944 kuhusu ukiritimba katika tasnia ya filamu ikaeleza wazi jinsi soko lilivyokuwa limekabwa. Kodi iliyokusudiwa kuzuia watu kutajirika na vita haikuzuia umiliki kujikusanya, kwa kuwa ilitoza faida ya mwaka na haikugusa bei ya kununulia mali iliyoshuka.

Baada ya 1945

Mwaka 1946 tikiti zilifika milioni 1,635, idadi ambayo Uingereza haijaifikia tena. Kodi ya faida ya ziada ilifutwa mwishoni mwa mwaka huo. Hapo ndipo mwenye jumba alipaswa kupumua na kulikarabati jengo lake. Lakini nchi ilikuwa na mamilioni ya watu wasio na nyumba, na vibali vya ujenzi viliendelea kubanwa. Skrini na viti vilikuwa mwisho wa foleni, na sioni ni nani angeweza kubisha. Kodi ya burudani, ambayo haikuwa na kisingizio cha upungufu wa matofali, nayo ilibaki.

Vibali viliondolewa mwaka 1954. Mwaka huo watazamaji walikuwa wameshuka hadi milioni 1,276, na mwaka uliofuata televisheni ya matangazo ya biashara ikaanza. Sidney Bernstein, mwenye majumba ya Granada, ambaye wakati wa vita alikuwa mshauri wa filamu katika Wizara ya Habari, hakumimina fedha zake kwenye mazulia mapya. Aliomba leseni ya televisheni, na mwaka 1956 kituo chake kikawa hewani huko kaskazini mwa Uingereza. Kodi ya burudani kwa sinema ilifutwa mwaka 1960, tikiti zikiwa zimebaki milioni 501.